Kabla ya rangi, ukuta

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, treni ya abiria inayopita Kibera, Nairobi, ilipakwa michoro ya amani. Ulikuwa mradi wa Kibera Walls for Peace: Joel Bergner, msanii wa Marekani, vijana wa kikundi cha Kibera Hamlets na wachora grafiti wa Nairobi. Wengi walisifu ujumbe. Mimi nasifu mahali walipochagua kuchora. Katika vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, reli hiyo hiyo ilikuwa imeng'olewa na vijana.

Kwetu Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, treni hakuna. Reli ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, kutoka Mtwara, ilifungwa miaka ya 1960. Tuna kuta za shule, zahanati na masoko, na hapo ndipo ufundi unapoanzia.

Lipu mpya iachwe mwezi mzima ikauke. Ukiiwahi kwa rangi ya mafuta, chokaa iliyo ndani ya saruji huyala mafuta hayo, na rangi hubanduka kama maganda. Mchoraji Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanikiwa na rangi ya mafuta kwa sababu alichora kwenye mbao laini za kiwandani, zisizo na chokaa. Ukutani tumia rangi ya maji ya nje. Sehemu ya chini, kimo cha goti, ipakwe rangi moja ya udongo mwekundu, maana mvua itairushia matope hata ukiwa umechora malaika.

Kugawa kazi ndiko kugumu. Msanii huchora mchoro mdogo karatasini, huugawa kwa miraba, kisha huikuza miraba hiyo ukutani kwa kamba ya fundi na chaki. Kila kijana hupewa mraba wake na brashi ya inchi mbili. Huanza na rangi hafifu, humalizia na nzito. Mstari mweusi wa pembezoni huja mwisho, na hufunika makosa mengi ya mkono usiozoea. Msanii akishika brashi kubwa tangu asubuhi, vijana watabaki kubeba makopo tu, na hiyo si sanaa ya jamii.

Wakati? Masika hapana. Juni vijana wako kwenye ufuta, na Septemba au Oktoba korosho zinaanza kuokotwa. Inabaki Julai na Agosti. Halmashauri zikitaka michoro, zitoe kuta mapema, Mei, ili lipu ipate muda wake.