Mgema Akisifiwa

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilidhani inawahusu wagema peke yao, na pengine mafundi cherehani. Sikudhani hata siku moja kwamba inamhusu mtu mwenye shahada, mkoba wa ngozi na hadidu za rejea zilizotiwa saini. Leo, baada ya zaidi ya miaka ishirini katika kazi ya ushauri elekezi wa kilimo, naona kwamba pengine sisi ndio inaotuhusu kuliko wote.

Mshauri hujulikana kwa ripoti yake bora. Ndiyo anayoitaja anapoomba kazi, ndiyo anayoionyesha kwa wageni. Lakini mteja hanunui ripoti yako bora. Ananunua ile utakayomwandikia yeye, pengine mwezi wa Desemba, wakati umechoka na una kazi nyingine tatu mezani. Kwa hiyo kipimo cha haki cha mshauri ni kazi yake ya kawaida.

Kabla ya kusema yangu, natazama kazi ya wengine. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu katika kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu wakaangalie. Kiongozi wao, John Wakefield, hakuwa mgeni wa nchi. Aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa majuma tisa, mara nyingine wakiitazama ardhi kutoka kwenye ndege, kisha wakaandika ripoti. Walipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 kwa miaka sita.

Yaliyofuata yanajulikana. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Vichaka na mibuyu viliyashinda matrekta. Udongo wa mfinyanzi ulipopigwa na jua ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mvua nayo haikufuata makadirio ya mtu. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na takribani pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Wengi huicheka ripoti ile. Mimi siicheki. Kwa mpangilio ni kazi nadhifu, na hesabu zake zinajumlishika. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba yaliyojulikana na yaliyokisiwa yamevishwa nguo za aina moja. Msomaji aliyeketi London hakuwa na njia ya kutambua ni tarakimu ipi iliyopimwa na ipi iliyotumainiwa. Tena mpango haukudai kwamba shamba dogo la majaribio litangulie na misimu kadhaa ipite kabla ya fedha nyingi kumwagwa. Na habari za mvua zilikuwapo hapo hapo bila kipimo chochote. Wagogo wa umri wa makamo walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na vita na ukame. Nchi inayozipa njaa zake majina imekwisha kutoa ushauri wake.

Utasema mteja alikuwa na haraka, na kweli alikuwa nayo. Lakini mteja gani hana haraka? Mshauri anayefanya kazi nzuri pale tu mteja anapokuwa mtulivu hana kiwango, ana bahati.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Miaka mingi iliyopita niliandika ripoti ya kilimo cha alizeti katika wilaya moja, nikasifiwa sana. Ilisomwa mbele ya wakubwa, na kwa sababu yake nilipata kazi tatu zilizofuata. Katika kazi ya tatu, chama kidogo cha ushirika kilitaka kujua kama mavuno ya wanachama wake yangetosha kulisha mashine ya kukamua mafuta. Nilikwenda siku mbili badala ya sita. Jedwali la mvua na la mavuno kwa ekari nililitoa katika ile ripoti iliyosifiwa, kwa kuwa, nilijiambia, ni ukanda ule ule. Lugha ilikuwa safi, na jalada lilikuwa zuri. Walilipa, wakanishukuru, wakakopa fedha, wakanunua mashine.

Baada ya misimu miwili nilipita pale kwa shughuli nyingine. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai. Mbegu zilizopatikana hazikutosha kuiendesha hata mwezi mmoja kwa mwaka, na mkopo ulikuwa unadaiwa. Mzee mmoja mwanachama alinikaribisha kivulini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, upande huu wa mlima mvua huwa inaturuka. Ungeuliza tungekwambia."

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Wajumbe wa chama walikwisha kuuza mbuzi kupunguza deni. Mimi deni langu halikuandikwa katika daftari lolote, maana mkataba wangu ulikwisha siku nilipokabidhi ripoti. Huo ndio ubaya wa kazi yetu: fundi akijenga ukuta mbovu humwangukia mwenye nyumba mchana kweupe na fundi hutafutwa, bali ripoti mbovu huanguka polepole, mwandishi akiwa mkoa mwingine.

Tangu hapo nina daftari lenye safu tatu: niliyoyaona mwenyewe, niliyoambiwa na nani, na niliyoyakokotoa au kuyakisia. Hakuna tarakimu inayoingia katika ripoti bila kupitia safu mojawapo, na katika ripoti yenyewe nasema imetoka safu ipi. Rasimu naipeleka kwanza kwa wale itakaowahusu, isomwe kwa sauti mbele yao, kabla ya kumfikia anayelipa. Mwenzangu mmoja katika fani huipitia, nami hupitia yake. Kazi ambayo siku zake hazitoshi naikataa, au naomba swali lipunguzwe hadi litoshe siku zilizopo.

Kuna wanaosema huo ni ugumu usio na faida, kwamba mteja halipii mashaka, analipia jibu. Ni kweli nimepoteza kazi kwa sababu hiyo. Lakini ushauri ninaoona wengi wakipeana, wa kuongeza bidii na kujituma, naona haugusi kiini. Bidii hupanda na kushuka kama homa. Siku ile nilipoazima jedwali sikuwa mvivu. Nilikuwa nimesifiwa, nikaamini kwamba ujuzi wangu ungeweza kwenda shambani kwa niaba yangu. Utaratibu wa daftari hauniulizi nimesifiwa au nimechoka. Unauliza tu: umeliona, umeambiwa, au umekisia?

Ile ripoti ya alizeti iliyosifiwa bado ninayo kabatini. Siionyeshi tena kwa wateja. Ninayoitoa, mtu akiniuliza nimejifunzia wapi kazi, ni ile ya pili, yenye jedwali la kuazima. Na mvua ya upande ule wa mlima, mpaka leo, sitaiandika bila kuwauliza wenyewe.