Kipi Kiswahili zaidi: ‘shimizi’ au ‘petikoti’?

Wapo walimu wanaoamini kwamba neno la mtaani ni la kigeni na la kamusini ni letu. Majuzi nilionyeshwa daftari la mwanafunzi wa Soweto West, Kibera, aliyeandika kuwa mamake huuza petikoti za mtumba katika soko la Toi. Mwalimu alilikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, akaandika ‘shimizi’, na pembeni: “Tumia Kiswahili!” Alama ikaenda.

Sina ugomvi na shimizi. Kinachonikera ni hiyo amri ya pembeni. Shimizi limetoholewa kutokana na ‘chemise’ ya Kiingereza, nacho Kiingereza kililichukua zimazima kutoka Kifaransa, kilicholirithi kutoka ‘camisia’ ya Kilatini. ‘Petticoat’ nayo ni koti dogo tu, na vipande vyake vyote viwili, ‘petit’ na ‘cote’, vina asili ya Kifaransa. Yaani mwalimu alifuta neno la Kifaransa lililopitia Uingereza, akaweka neno la Kifaransa lililopitia Uingereza!

Maana ndizo zilizohama zaidi. Mfaransa wa leo akikwambia amevaa ‘chemise’, ana maana ya shati, aghalabu la kiume. Ofisini, neno hilohilo ni jalada la karatasi. Petticoat ya Waingereza wa karne ya 15 ilikuwa koti fupi la mwanamume, lililovaliwa chini ya vazi jingine. Hebu mwambie hivyo mama wa Toi uone kama hatakucheka. Kwake petikoti ni ile nguo laini ya ndani inayozuia gauni lisionyeshe mwili, basi.

Isitoshe, chemise huanzia mabegani, ilhali petticoat aghalabu huanzia kiunoni. Huenda basi mwalimu alibadilisha hata nguo yenyewe. Gagulo lingekaribia zaidi.

Mimi ningeuliza swali jingine: neno limekubali sarufi yetu? Petikoti lina silabi wazi nne, na upatanisho wake hauna taabu: petikoti yangu, petikoti zetu. Lina wasemaji wengi kuliko shimizi hapa Nairobi. Na koti, lililotoka katika ‘cote’ iyo hiyo, limo kamusini miaka mingi. Sijamwona mwalimu akilikata.