Kosa la Bwana Msa na Uzee wa Mtunzi: Riwaya za Baadaye za Muhammed Said Abdulla kwa Msomaji wa Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya uandishi ya Muhammed Said Abdulla (1918–1991) baada ya kustaafu kazi ya uhariri mwaka 1968. Yanahoji mazoea ya kumpima mtunzi huyu kwa riwaya yake ya kwanza na kuzichukulia zilizofuata kuwa marudio tu. Kwa kuzingatia mfuatano wa machapisho, majina ya vitabu na aina ya mpelelezi aliyemuumba, makala yanadai kwamba miaka ya baadaye ndiyo iliyokuwa na mavuno makubwa zaidi, na kwamba katika miaka hiyo fumbo lilihama kutoka mahali likaenda kwa watu, na mwishowe kwa mpelelezi mwenyewe. Hoja hii inatazamwa kwa jicho la msomaji wa Kasese na Bwera, ambako uteuzi wa vitabu vya Kiswahili ni suala hai.

1. Utangulizi

Bwera ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya Mpondwe ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na biashara ya pande hizo mbili huendeshwa kwa Kiswahili, Lhukonzo na Kinande kwa pamoja. Kasese nayo ilikua na reli iliyofika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na machimbo yaliwakutanisha wafanyakazi wa lugha nyingi. Hivyo, katika wilaya hii Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya kazi kabla ya kuwa somo la darasani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni.

Uamuzi wa namna hiyo huzaa swali ambalo waraka wa serikali haulijibu: wanafunzi wasome nini? Kwa kawaida jibu hutafutwa miongoni mwa vitabu vinavyoitwa vizito, na riwaya ya upelelezi huachwa nje kwa kuwa inahesabiwa miongoni mwa fasihi pendwa. Abdulla akikubaliwa, hukubaliwa kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mlango hufungwa hapo. Makala haya yanadai kwamba kumfungia mlango hapo ni kumsoma mtu nusu.

2. Mavuno ya baada ya kustaafu

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja. Alianza kazi katika idara ya afya mwaka 1938, na baada ya miaka 10 akaingia katika uandishi wa habari, akihariri gazeti la Zanzibari na kusaidia katika magazeti mengine. Tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Katika maisha hayo ya ajira, riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule wa kustaafu.

Baada ya hapo zilifuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Riwaya nne kwa miaka minne, mtunzi akiwa na umri kati ya miaka 55 na 58. Ya saba, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka 1984 alipokuwa na miaka 66. Ni kweli kwamba mwaka wa kuchapishwa si lazima uwe mwaka wa kuandikwa. Agatha Christie aliandika kisa cha mwisho cha mpelelezi wake Poirot wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakiweka hadi kilipotolewa mwaka 1975. Hata tukitilia maanani tahadhari hiyo, ukweli unabaki kwamba vitabu vitano kati ya saba viliwafikia wasomaji baada ya mtunzi kuacha meza ya uhariri. Kumwita Abdulla mtunzi wa 1960 ni kusahau zaidi ya nusu ya kazi yake.

Ulinganisho unalikuza jambo hili. Ben Mtobwa, aliyeipa riwaya ya Kiswahili ya upelelezi mhusika Joram Kiango, alizaliwa mwaka 1958 na kufariki 2008. Alikufa katika umri uleule ambao Abdulla alikuwa ndiyo kwanza anastaafu. Mahali ambapo maisha ya mmoja yalikatika ndipo ngwe ndefu ya mwenzake ilipoanzia.

3. Ukimya wa miaka minane

Kati ya 1976 na 1984 kuna pengo. Mhakiki mwenye haraka atasema mtunzi alichoka. Historia ya eneo hili inadai maelezo mengine yasikilizwe kwanza. Riwaya nne za miaka ya 1970 zilichapishwa Nairobi, ilhali mtunzi wake ni Mtanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata Kosa la Bwana Msa ilitoka, nayo pia ilichapishwa Nairobi.

Mfuatano wa tarehe si ushahidi wa sababu, na makala haya hayadai kwamba mpaka ndio ulioizuia kalamu. Yanadai jambo dogo zaidi lakini muhimu: hatuna haki ya kuuhesabu ukimya wa mtunzi mzee kuwa udhaifu wa akili yake kabla ya kuuliza hali ya njia ambayo kitabu kilipaswa kuipita. Msomaji wa Bwera hahitaji kufafanuliwa hoja hii. Mpaka ukifungwa Mpondwe, bidhaa hulala upande mmoja, na hakuna asemaye kwamba mkulima ameacha kulima.

4. Kutoka mahali hadi mtu

Majina ya vitabu yakisomwa kwa mfuatano yanaonyesha mwendo. Mawili ya kwanza yametaja mahali pa kutisha: mzimu, pale ulipokutwa mwili wa Ali Bomani, na kisima cha Giningi, jina ambalo masimulizi ya Unguja hulihusisha na uchawi. Katika mahali kama hapo kazi ya Bwana Msa ni kuondoa hofu: jamii inaona pepo, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Tangu 1973 majina yanataja watu, yaani watu wa duniani, mke na waume, mwana. Siri ya Sifuri pekee ndiyo inayokwenda kando, na jina lake ni kama kitendawili. Mwisho, mwaka 1984, jina linamtaja mpelelezi mwenyewe, tena pamoja na neno kosa.

Mabadiliko haya si ya majalada tu. Fumbo la nani kaua hufungwa muuaji anapopatikana. Fumbo la nani ni mume wa nani, au nani ni mwana wa nani, haliishi kwa kukamatwa mtu, kwa sababu watu hao wataendelea kuishi pamoja. Hilo ni aina ya fumbo ambalo umri humfundisha mtu kulitambua. Na neno kosa linapowekwa kando ya jina la mtu aliyejengewa sifa ya kutokosea kwa zaidi ya miaka 20, msomaji anaambiwa, hata kabla ya kufungua ukurasa, kwamba akili nayo ina mpaka.

Kwa nini Bwana Msa aliweza kudumu hadi hapo? Jibu limo katika umbo lake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni jasusi wa mapambano, na mwili wake ni sehemu ya silaha zake. Bwana Msa ana kiko, mazungumzo na rafiki yake Najum, na subira ya kufikiri. Mhusika wa ngumi humdai mtunzi wake ujana usiokwisha. Mhusika wa fikra anaweza kuzeeka pamoja naye bila kupungukiwa.

5. Pingamizi

Inaweza kujibiwa kwamba uzee humpunguzia mtunzi msamiati na uthabiti wa msuko. Uchunguzi wa kompyuta uliofanywa Toronto na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba msamiati wa Christie ulipungua katika riwaya zake za mwisho. Pingamizi hili lina uzito, lakini Christie wa riwaya hizo alikuwa amevuka miaka 80. Kulihamishia kwa Abdulla wa miaka 58 au 66 ni kumhukumu mtu kwa ugonjwa wa mwingine. Kama riwaya zake za baadaye zina udhaifu, na uepo udhaifu katika mfululizo wowote mrefu, uonyeshwe katika matini zenyewe, kitabu kwa kitabu.

6. Hitimisho

Mwalimu wa Kasese anakabili ugumu halisi. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja, chenye methali na mizaha ya huko. Mwanafunzi wa Bwera huenda amezoea Kiswahili cha upande wa Kongo, ambako watu huwa batu, na nyumbani huwaita abandu. Hata hivyo, jina Duniani Kuna Watu litamfikia kirahisi, kwa kuwa mizizi ya maneno hayo matatu ni mmoja, na swali la nani ni nani huulizwa kila siku katika ukoo uliogawanywa na mpaka. Inapendekezwa, basi, kwamba wateuzi wa vitabu wasiishie kwenye riwaya ya 1960, na kwamba angalau riwaya moja ya baada ya 1968 isomwe sambamba nayo. Mwanafunzi atakayezisoma zote mbili atamwona mtunzi akisonga mbele katika umri ambao mazoea ya uhakiki yamekwisha kumzika.