Itikadi na Uongozi katika Sera ya Nje ya Tanzania, 1965–1986

Sera ya nje ya Tanzania katika zama za Mwalimu Julius Nyerere imezoeleka kuelezwa kuwa zao la itikadi: Ujamaa, umajumui wa Afrika na kutofungamana na upande wowote. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshelezi.

Mfano wa kwanza ni Rhodesia. Mwaka 1965, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliwataka wanachama wake wavunje uhusiano wa kibalozi na Uingereza iwapo isingeuzima uasi wa walowezi. Nchi chache tu zilitekeleza, Tanzania ikiwamo, na ikaukosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Wanachama wote walidai kuamini ukombozi. Kilichotofautiana ni utayari wa viongozi kulipa gharama ya imani hiyo. Aidha, Azimio la Arusha lilikuwa bado halijatangazwa, hivyo haliwezi kuhesabiwa kuwa chanzo cha msimamo huo.

Mfano wa pili ni Biafra. Azimio la Cairo la mwaka 1964 lilizitaka nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Hata hivyo, Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, kwa hoja kwamba dola isiyowahakikishia raia usalama hupoteza haki ya kudai utii wao. Hapa itikadi ileile ingeweza kuhalalisha uamuzi wa kinyume. Kiongozi ndiye aliyechagua kipi kitangulie: umoja wa mipaka au uhai wa watu.

Hata hivyo, uongozi nao una ukomo. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilhali chama tawala kilikuwa kilekile na Azimio la Arusha lilikuwa bado halijawekwa kando. Badiliko hilo halikutokana na kiongozi mpya pekee. Upungufu wa fedha za kigeni na gharama za vita vya Uganda vya 1978–1979 vilikuwa vimekwisha kuubana uwanja wa uchaguzi.

Kwa hiyo, itikadi huonesha mwelekeo, kiongozi huamua gharama inayovumilika, na hazina huweka mpaka. Maelezo yanayousifu msimamo wa enzi hiyo huliacha swali moja zito: katika mfumo wa chama kimoja, wananchi waliobeba gharama hizo walikuwa na nafasi gani ya kuzikubali au kuzikataa? Uadilifu wa uamuzi haufuti swali hilo.