Sanaa ya Kumtazama Mchimba Kaburi

Wanaume wameketi nje ya hospitali, mabeleshi yao kando. Wanangoja habari ya kifo, kwa kuwa kifo cha mtu wasiyemjua ndicho kitakachowapa riziki ya siku. Gari la wagonjwa likitokea, wanainuka na kulikimbilia. Hivyo ndivyo Khadar Ayderus Ahmed anavyomkaribisha mtazamaji katika The Gravedigger's Wife, filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotoka mwaka 2021. Mpenzi wa filamu aliyekulia Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, huguswa mara mbili na mwanzo huo. Huguswa na ugumu wa riziki yenyewe, kisha akaguswa zaidi na kule kuwatambua watu hawa. Anawatambua kwa mkao wao, kwa utani wao wa Kisomali, kwa jinsi walivyolizoea jua na kuendelea kungoja.

Utambuzi huo ulichelewa sana kumfikia. Kwa miaka mingi, Msomali wa kwenye sinema alikuwa mtu mwenye bunduki anayetazamwa kutoka mbali. Black Hawk Down ya mwaka 2001 ilipigwa Moroko, na miongoni mwa waigizaji wake wakuu hakuwamo Msomali hata mmoja. Captain Phillips ya mwaka 2013 ilimtoa Barkhad Abdi kutoka Minneapolis hadi kwenye tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi, na uso wake uliokonda ukabaki akilini mwa dunia nzima. Lakini nafasi aliyopewa ilikuwa ya haramia. Miaka miwili baadaye, Eye in the Sky ikaionyesha Eastleigh, mtaa wa Nairobi, kupitia jicho la ndege isiyo na rubani, na mtaa wenyewe ulijengwa Afrika Kusini kwa ajili ya kamera. Hizi ni filamu za mafundi hodari, na mtazamaji wa Garissa amezitazama kwa hamu kama watu wengine. Ila katika zote tatu kamera imesimama upande wa anayeogopa. Anayeogopwa haonekani akila na watoto wake, wala akitafuta karo.

Ndiyo maana filamu za miaka ya karibuni zinastahili kusifiwa kwa sauti. Kinachosifiwa hapa ni ufundi mmoja: ule wa kumpa mtu muda wa kufanya kazi yake mbele ya kamera, bila kumkatiza.

Ahmed alizaliwa Mogadishu mwaka 1981 na kuhamia Finland akiwa kijana. Wazo la filamu lilimjia kutokana na msiba wa mtoto mchanga katika ukoo wake huko ugenini, ambapo maziko yalicheleweshwa siku nyingi. Kwa Waislamu, maiti huzikwa mapema iwezekanavyo; kwao Somalia wachimba makaburi huwa tayari hata kabla ya kuitwa. Kutoka katika tofauti hiyo akamuumba Guled, mchimba kaburi ambaye mkewe, Nasra, anaugua figo na anahitaji upasuaji wa dola 5,000. Mtu anayelipwa wengine wanapokufa sasa anatafuta fedha za kumzuia mmoja asife. Hadithi ya namna hiyo ingeweza kuzama katika machozi. Ahmed anaiokoa kwa kutuonyesha kwanza jinsi wawili hawa wanavyopendana: wanataniana, wanachekeana, wanajipenyeza hata kwenye harusi ambayo hawakualikwa. Ugonjwa unapokaza, mtazamaji anajua hasa ni furaha gani inayotaka kuporwa.

Omar Abdi, anayemwigiza Guled, anatumia uso wake kwa uchache wa ajabu. Yasmin Warsame alikuwa mwanamitindo maarufu Kanada kabla ya kuwa Nasra, na mtu angetarajia urembo wake uimeze kamera. Badala yake anaukalisha kitandani, anaufanya uchoke, na kicheko chake kinakuwa silaha pekee iliyobaki nyumbani. Kisha Guled anafunga safari kwa miguu kurudi kijijini kwao kudai mifugo yake, kwa jamaa aliowakosea alipomtorosha Nasra wakaoana. Hapo mtazamaji wa Garissa hahitaji kueleweshwa chochote. Mji wake una mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na Jumatano, siku ya soko, anaona ng'ombe na ngamia wakigeuka karo, mahari na malipo ya hospitali. Guled akivuka jangwa kutafuta mbuzi, kwake huyo ni mtu anayekwenda benki.

Filamu hiyo ilipigwa Djibouti, ikaonyeshwa katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes, na mwezi Oktoba 2021 ikatwaa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mjini Ouagadougou. Ndiyo ya kwanza kabisa ambayo Somalia iliipeleka kushindania Oscar.

Lakini furaha kubwa ya kuitazama ukiwa Garissa iko masikioni. Katika nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki, sinema ina maana ya filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali. Majina ya wanaozitia sauti, kama Astaan na Fanproj, yanajulikana na watoto kwa akina nyanya. Hiyo nayo ni kazi ya fundi: watu wachache wenye sauti nyumbufu huwabeba mashujaa, wakwe, mapolisi na wapenzi wa Bollywood, wakizipachika methali za wafugaji mahali pa maneno ya Mumbai. Wakenya wengine wamelelewa vivyo hivyo na DJ Afro, anayesimulia filamu za nje kwa Kiswahili na Sheng hadi mapigano ya mbali yakasikika kama ya mtaani. Mtazamaji aliyekomazwa na sauti hizo amezoea mdomo unaofunga kabla maneno hayajaisha. Kumsikia Guled akimbembeleza Nasra, sauti na midomo vikienda pamoja, kunampa starehe ambayo mtu wa London au Paris haipati katika filamu ileile, kwa kuwa yeye hajawahi kuikosa.

Mwaka 2024 ukaja mfano wa pili, nao ni mzito zaidi. Mo Harawe alizaliwa Mogadishu mwaka 1992 na anaishi Austria. Mwaka 2022 filamu yake fupi, Will My Parents Come to See Me, ilimfuata kijana mfungwa katika saa zake za mwisho kabla ya kuuawa na dola, na ilionyesha tayari kwamba mkurugenzi huyu hana haraka. The Village Next to Paradise, filamu yake ndefu ya kwanza, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kisomali kuingia katika orodha rasmi ya Cannes, kwenye kitengo cha Un Certain Regard. Inaanza kwa taarifa ya habari ya televisheni ya Uingereza kuhusu shambulio la ndege isiyo na rubani. Dakika chache baadaye tunamkuta Mamargade, mtu wa vibarua vya kila aina, akichimba kaburi.

Ulinganisho huo wa mwanzo unaonyesha ufundi wa Harawe kuliko maelezo yoyote. Taarifa ya habari inamtaja marehemu kwa haraka na kuendelea na mengine. Harawe anabaki na mtu mwenye beleshi. Udongo lazima utolewe, kina kifikiwe, mwanandani uandaliwe, mwili ushushwe. Yeyote aliyewahi kusimama makaburini anajua kwamba kazi hiyo haiwezi kufupishwa, na filamu haijaribu kuifupisha.

Kwa zaidi ya saa mbili tunakaa na familia ya watu watatu katika kijiji cha pwani chenye upepo usiotulia. Mamargade anataka mwanawe, Cigaal, apate shule bora mjini. Dada yake, Araweelo, mwanamke aliyeachika, anatafuta mtaji wa kufungua duka lake la kushona nguo. Kamera ya Mmisri Mostafa El Kashef mara nyingi husimama mahali pamoja, ikaacha ukuta wa rangi, mlango na mwanga wa jioni vifanye kazi yao. Waigizaji hawakuwa na uzoefu wa sinema, na hilo linaonekana kwa uzuri: Ahmed Ali Farah, Anab Ahmed Ibrahim na mtoto Ahmed Mohamud Saleban hawaharakishi sentensi wala hawajazi ukimya. Anab Ahmed Ibrahim hasa ni wa kutazamwa kwa makini. Anamfanya Araweelo apige hesabu kwa macho, na kila anapokataliwa anaondoka na mpango mwingine. Mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia barabarani Garissa, anayehesabu faida ya shilingi chache na kuitunza hadi iwe duka, angemtambua mara moja.

Wapo watakaosema filamu hii inakwenda polepole mno. Kwa kweli inahitaji mtazamaji aweke simu kando. Lakini mwendo huo una hoja. Watu ambao dunia imewazoea katika habari za sekunde 30 wanahitaji mkurugenzi atakayewarudishia muda walioporwa.

Kaskazini Mashariki yenyewe ina kumbukumbu zinazodai ufundi huohuo. Mwezi Februari 1984, wanaume wa jamii ya Kisomali ya Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Walionusurika wamekuwa wakitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi. Mwitaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alishughulikia majeruhi na maiti, na baadaye akafukuzwa nchini. Mwaka 2015 Judy Kibinge alitoa Scarred: The Anatomy of a Massacre, filamu ya hali halisi inayowapa walionusurika nafasi ya kusema. Ni wazee sasa, na Kibinge anawasikiliza. Mtu anayeitazama baada ya filamu za Ahmed na Harawe huona jambo moja likizifunga pamoja zote tatu: swali la nani alipewa maziko ya heshima, na nani aliachwa mchangani.

Watu Wote ya Mjerumani Katja Benrath, iliyotoka mwaka 2017, inaingia humu kwa mlango wa barabara. Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa na Al-Shabaab baada ya kutenganishwa na wenzao Waislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilivamiwa karibu na El Wak, na safari hii abiria Waislamu walikataa kuwaachia wenzao Wakristo. Wanawake wakagawa hijabu zao ndani ya basi. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Benrath na wenzake wa Hamburg Media School waliifanya hadithi hiyo kuwa kazi yao ya kuhitimu, yenye urefu wa dakika 22, na mwaka 2018 ikateuliwa kwa Oscar ya filamu fupi.

Uzuri wake mkubwa umo katika safari kabla ya shambulio. Jua, anayeigizwa na Adelyne Wairimu, ni Mkristo aliyepoteza familia yake mikononi mwa Al-Shabaab, na anawatazama abiria wenzake kwa chuki ya mtu aliyeumizwa. Filamu inamwacha aketi na chuki hiyo. Mtu aliyepita vizuizi vya polisi kati ya Thika, Mwingi na Garissa, akitoa kitambulisho kila kinapoombwa, anaijua hewa ya ndani ya basi lile, na anajua kwamba shaka ile husafiri katika pande zote mbili.

Hata hivyo, mtazamaji huyo anabaki na dai moja. Watu Wote inamjua Salah Farah katika saa ya ujasiri wake, na kwa dakika 22 haikuweza kufanya zaidi. Bado haijapigwa filamu ndefu itakayomkuta darasani akisahihisha madaftari na kungoja mshahara, ikakaa naye kwa muda uleule ambao Harawe alimpa Araweelo. Malighafi ya filamu kama hiyo haipo mbali. Shirika la FilmAid lilianza kazi katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab mwaka 2006, likionyesha sinema usiku kwenye skrini iliyofungwa juu ya lori na kuwafundisha vijana wa kambini kushika kamera. Eastleigh imekwisha kumtoa Ahmed Farah, ambaye Ayaanle yake ya mwaka 2022 inamhusu kijana wa mtaa huo anayetamani kuwa mwigizaji. Barkhad Abdirahman na Faysal Ahmed, waliokuwa maharamia pamoja na Barkhad Abdi katika Captain Phillips, walirudi kuigiza katika Watu Wote. Mtazamaji wa Garissa sasa anamngoja mtayarishaji atakayeweka fedha zake katika hadithi ya Kaskazini Mashariki isiyo na bunduki hata moja kwenye bango lake.