Mti wa Nani? Tahakiki ya Lugha ya Upanzi wa Miti katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Uhakiki wa Kiswahili kwa desturi umejishughulisha na riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya maofisa wa kilimo na misitu yameachwa kando, kana kwamba hayana fani wala msimamo. Dharau hiyo haina msingi. Katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako Kikipsigis ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya soko, ya baraza na ya kambi za wachuma chai, mkulima mwenye ekari mbili huenda asisome riwaya hata moja mwaka mzima. Kijitabu cha upanzi wa miti, hata hivyo, humfikia. Husomewa mbele ya kikundi chake, huelezwa faida, na mwisho huombwa kutia sahihi. Nathari iwezayo kumfunga mtu na ardhi yake kwa miaka mingi inastahili kuchunguzwa kwa makini yale yale yanayotumika kuchunguza shairi.

Jambo la kwanza linaloonekana katika nathari hiyo ni kwamba kitenzi kimetoweka. Mfano wa kulinganishia uko Tanzania. Katika kampeni za elimu ya watu wazima zilizoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, Mtu ni Afya ya 1973, Chakula ni Uhai ya 1975 na Misitu ni Mali ya 1980, kila jina lilikuwa sentensi kamili: nomino, kitenzi kishirikishi, nomino. Ni umbo jepesi, na wala halikuwa na uwazi wote. Neno "mali" lilinyamaza juu ya swali la mwenye mali, na kampeni zenyewe zilishuka kutoka juu kwenda chini. Lakini sentensi ina sifa moja ambayo kirai hakina: inaweza kujibiwa. Mwanakijiji aliyeambiwa kwamba misitu ni mali aliweza kuuliza, ni mali ya nani? Je, mtu ajibu nini akiambiwa habari za usimamizi shirikishi na endelevu wa rasilimali za misitu? Hapo hapana mtenda wala mtendwa, na wakati wa tendo haujulikani. Pana mlolongo wa majina yaliyoshikanishwa kwa viunganishi vya "-a", na kila jina limeficha kitenzi ambacho kingemlazimu mwandishi kutaja nani anasimamia na nani anasimamiwa.

Neno "endelevu" linadai kuangaliwa peke yake. Haja yake ilitokea baada ya Tume ya Brundtland kutoa ripoti yake mwaka 1987, na ikaongezeka baada ya mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992. Kwa upande wa uundaji halina kasoro: kama vile "tulia" ilivyozaa "tulivu" na "vumilia" ikazaa "vumilivu", ndivyo "endelea" ilivyozaa "endelevu". Tatizo liko katika jirani yake. "Maendeleo" nayo ni mtoto wa "endelea", kwa hiyo "maendeleo endelevu" ni mwendelezo unaoendelea. Mvutano uliokusudiwa, kwamba kuna maendeleo yanayokula akiba ya watoto na mengine yasiyoila, haumo hata kidogo ndani ya maneno hayo. Shamba la chai linaloendelea kupanuka mpaka ukingoni mwa msitu ni endelevu kwa maana ya kisarufi. "Dumu" ingefaa zaidi, maana msitu udumuo hauwezi kudhaniwa kuwa msitu uzidio. Au pengine istilahi haihitajiki kabisa, ikiwa mwandishi yuko tayari kusema "kuvuna bila kumaliza".

"Njia za kujikimu" haina haja ya maelezo marefu. Kukimu ni kutimiza mahitaji, na mahitaji yenyewe ni ya lazima tu. Neno halina nafasi ya ziada, ya karo ya chuo, wala ya ng'ombe wa pili. (Ofisa anayesafiri kwenda kumfundisha mkulima habari hizo naye hulipwa posho ya kujikimu, ambayo mara nyingi huzidi kile kinachotarajiwa kumkimu mkulima.)

Hata hivyo, hakuna neno lenye historia nzito katika eneo hili kuliko "shamba". Mtindo wa kupanda miti ya serikali kwa mikono ya wakulima, uliotokea Burma katika miaka ya 1850, uliingizwa Kenya mwaka 1910, na hata katika Kiingereza cha idara ya misitu ukaitwa kwa neno hilo la Kiswahili. Utaratibu wake ulikuwa huu. Mkulima alipewa kipande cha msitu uliokwisha kukatwa, akakisafisha, akapanda mahindi na viazi, na katikati ya mimea yake akapanda na kupalilia miche ya msitu. Miaka kama mitatu ilipopita na matawi yakaanza kufunika ardhi, aliondoka. Mazao yalikuwa yake. Mti na ardhi vilikuwa vya serikali.

Sasa katika Kiswahili cha kawaida shamba ni mahali mtu anapolima na ambapo ana haki fulani ya kubaki. Mtu husema "shambani kwangu" bila kufikiri. Neno lililobeba umiliki na makazi lilichukuliwa likapewa mpango ambao msingi wake ulikuwa kunyima vyote viwili. Matokeo ya kimaana si madogo. Kwa mkulima wa kando ya Mau, mche aliouotesha kwa mikono yake ulikuwa ndio saa inayohesabu siku zake: kadiri mti ulivyositawi, ndivyo kuondoka kwake kulivyokaribia. Mhamasishaji anayeshangaa kwa nini mzee fulani anapokea miche kwa shukrani kisha anaiacha ikauke, asikimbilie kusema kwamba mzee huyo hana elimu ya mazingira. Yumkini elimu anayo, ila ni ya aina nyingine.

Mpango huo ulipigwa marufuku mwaka 1987, ukarudi kwa sura nyingine katika miaka ya 1990, ukapigwa marufuku tena mwaka 2003, na baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ukarejeshwa chini ya kifupisho cha Kiingereza, PELIS, ambacho ndani yake mna neno la maisha bora na halimo neno "shamba". Mabadiliko hayo ya jina yanaonyesha kwamba hata watawala walitambua kuwa neno la zamani limechoka. Lakini mwaka 2022 lilirudi katika vinywa vya wanasiasa, likazusha mabishano makali, na katika mabishano hayo ilidhihirika kwamba wasemaji wawili waliweza kulitumia mmoja akiona kikapu cha viazi na mwingine akiona shoka.

Neno la pili la aina hiyo ni "nyayo". Baada ya 1978 lilikuwa kaulimbiu ya Rais Moi, yaani kufuata alikopita mtangulizi wake. Mwaka 1986 likapewa mradi wa kupanda ukanda wa chai kuzunguka misitu, ili chai iwe ua kati ya msitu na watu. Wayo ni alama ya mguu uliopita. Ukanda wa Nyayo ukawekwa ili mguu usipite. Wakazi wa huko hawahitaji mhakiki kuwaonyesha kinaya hicho.

Katika miaka ya karibuni limeingia somo jipya, nalo ni biashara ya kaboni, na hapa lugha imebeba mzigo ambao haijaandaliwa kuubeba. Istilahi zinagombana: kaboni, ukaa, hewa ya ukaa, hewakaa. "Ukaa" limetokana na kaa la moto, na kwa msomaji wa kawaida linagusana pia na kitenzi "kaa", kana kwamba ni hewa iliyokaa ndani ya mti; bahati hiyo si mbaya hata kidogo, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo. Hatari iko katika neno "hewa". Mfanyakazi hewa ni yule aliyemo katika orodha ya mishahara na hayumo duniani. Anayesema ameuziwa hewa amelaghaiwa. Kwa hiyo sentensi ya "mkulima atauza hewa iliyosafishwa na miti yake" humfikia msikilizaji ikiwa na harufu ya utapeli kabla haijaelezwa, na yule anayeitamka hajui ni kwa nini watu wa nyuma wanatabasamu. Jambo lenyewe si hewa: kinachouzwa ni ahadi ya kutoukata mti. Ahadi hiyo ina bei, ina muda, na ina adhabu ikivunjwa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 imeweka masharti juu ya mgao wa jamii katika miradi ya namna hii, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyeelewa alichoahidi. Kama vijitabu vingesema "kuuza ahadi", wakulima wengi wangeuliza maswali yaliyo sahihi siku ya kwanza.

Jarida dogo la Mazingira Bora, la mpango wa TIST, linastahili kutajwa hapa kwa heshima, na kwa lawama kidogo. Mpango huo ulianza Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, ukaingia Kenya mwaka 2004, na baadaye ukafika Bomet. Wanachama wake ni vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12. Jarida limetolewa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, Kikipsigis kikiwa mojawapo. Hilo peke yake ni jambo ambalo idara nyingi za serikali hazijalithubutu. Lawama ni ya kawaida ya tafsiri: vikundi vinapokutana pamoja huitwa klasta, ingawa Kiswahili kina "kundi", "mkusanyiko", na hata "kishada", ambalo ndilo hasa. Lakini jarida hilo hilo lina neno "kujengana". Kikundi kinapokutana, uongozi hupokezanwa, na kila mkutano unapomalizika wanachama humweleza aliyeongoza jambo jema waliloliona katika uongozi wake. Desturi hiyo inaitwa kujengana, na neno limebaki la Kiswahili hata katika toleo la Kiingereza. Kiambishi cha "-ana" ndicho kilichowashinda watafsiri. Kinasema kwa silabi mbili kwamba mtenda ni mtendwa na mtendwa ni mtenda. Huu ni mfano adimu wa istilahi ya maendeleo iliyosafiri kutoka kijijini kwenda makao makuu.

Limebaki suala la majina ya miti yenyewe. Vijitabu hugawa miti katika mafungu mawili, ya kigeni na ya kienyeji. Fungu la kwanza hutajwa moja moja: mkaratusi, msaiprasi, mgrevilea. Fungu la pili mara nyingi huachwa hivyo hivyo, "miti ya kienyeji", mfano wa wageni waliokuja kwa majina yao na wenyeji wakahesabiwa kwa vichwa. Ilhali Mkipsigis hana mti wa kienyeji. Ana tebesweti, ana simotweti, ana tarakweti, na kila mmoja una mahali pake katika dawa, katika kivuli, au katika mabwaita, ile madhabahu ya matawi iliyosimama mbele ya nyumba. Kiswahili hakina kisingizio cha kuyaogopa majina haya. "Mtarakwa" limekwisha kuingia Kiswahili cha bara, likiwa na ndugu zake katika Kikipsigis, Kikuyu na Kimaasai, wala halijaidhuru lugha.

Kasoro hiyo ya msamiati ina gharama yake. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo hukausha majani kwa mvuke wa matanuri ya kuni, na kuni hizo kwa sehemu kubwa ni mikaratusi. Mkaratusi hukua upesi, hununuliwa, hulipa karo. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na vinamasi ing'olewe kwa kuwa inakunywa maji mno. Mkulima wa bonde la Nyangores akaamriwa hivi na serikali, na kiwanda kikaendelea kununua kuni. Kijitabu kinachomwambia "panda miti" hakijamwambia lolote, kwa sababu swali lake ni mti gani, upande upi wa shamba, na nani atakuja kuununua. Tangu Desemba 2022 serikali imekuwa na lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Katika hesabu hiyo tebesweti na mkaratusi ni kitu kimoja.

Huko Bomet kipo kiwanda cha chai kiitwacho Kapkoros. Kwa Kikipsigis jina hilo ni la mahali pa kukusanyika kwa sala ya watu wote. Mtafsiri anayeandaa kijitabu kijacho angeweza kuanzia hapo: aandike kwanza kwa Kikipsigis, pamoja na wazee wanaojua kwa nini mahali hapo paliitwa hivyo, kisha atafsiri kwenda Kiswahili, na Kiingereza kije mwisho.