Watu Watatu wa Kakapel

Tulimzika mjomba wangu, mamai kama tunavyosema kwa Kiteso, kaskazini mwa Malaba, upande wa vilima vya Chelelemuk. Usiku wa pili wa matanga, mazungumzo yalifika palepale yanapofikaga kila mara: mpaka wa shamba. Binamu yangu akatoa simu. "Watu wa maabara wamepima mifupa ya Kakapel," akasema. "Sisi tulikuwa hapa miaka mia tisa iliyopita. Mia tisa!" Shemeji mmoja kutoka Busia, Mkhayo kama baba yangu, akamkatiza: "Na kunde zetu je? Si wamesema ni za miaka elfu mbili na mia tatu? Basi nyinyi ndio wageni." Watu walicheka, lakini si wote. Mpaka wenyewe ulikuwa wa hatua nane hivi, na watoto wa marehemu walikuwa wameketi hapo wakisikiliza.

Niliporudi nyumbani nilitafuta makala zote mbili walizokuwa wakirushiana, nikazisoma. Mimi si mwanaakiolojia, ni msomaji tu. Lakini zilitufikia kama hadithi, na hadithi naweza kuihukumu.

Kwa asiyepajua, Kakapel ni jabali kubwa lenye mwamvuli wa mwamba, huku Teso Kaskazini, mwendo wa boda boda kutoka Malaba. Ukutani kuna michoro myekundu na myeupe. Ya zamani zaidi ni miduara ndani ya miduara, inayohusishwa na wawindaji wa kale. Juu yake kuna ng'ombe wenye pembe ndefu. Kisha maumbo mengine yanayohusishwa na mababu wa Wateso. Chini ya michoro hiyo, ardhini, watu waliwasha moto, wakala na wakazika kwa vipindi tofauti katika muda wa miaka kama 9,000.

Makala ya kwanza ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Science Advances. Inahusu chembe za urithi za watu wa kale waliozikwa sehemu mbalimbali za Afrika, na watatu kati yao ni wa Kakapel. Mmoja aliishi miaka kama 3,900 iliyopita, na asili yake ni ya wawindaji. Mwingine ni wa miaka kama 900 iliyopita, na chembe zake zinakaribiana na za watu kama Wadinka wa Sudan Kusini. Huyo ndiye ambaye binamu yangu alimfanya babu yake. Wa tatu ni wa karibuni zaidi, miaka kama 300.

Sina ugomvi na vipimo. Ugomvi wangu ni na kichwa cha makala, ambacho kimeweka maneno matatu pamoja: kuhama, kuingiliana, na la tatu ambalo nililihangaikia siku mbili nzima kulipatia Kiswahili. Kuchukua nafasi? Kung'oa? Kurithi? Jaribu mwenyewe kulitamka hilo neno kwenye matanga, mbele ya watu wanaobishania hatua nane za ardhi. Ukisema "kurithi", umewafanya ndugu. Ukisema "kung'oa", umewapa panga. Kwa Kiingereza ni neno baridi la takwimu, linakaa kwenye karatasi bila kumdhuru mtu. Likivuka kuja kwetu, linageuka kuwa hati ya shamba. Sisemi waandishi walikusudia hivyo, na ndani ya makala wanaeleza michanganyiko mingi, tena kwa uangalifu. Lakini nani kule kwetu husoma ndani? Husomwa kichwa, kisha namba.

Halafu hesabu yenyewe. Watu watatu! Hata matatu ya kutoka Busia kwenda Kisumu haiondoki na abiria watatu. Kati ya yule wa 3,900 na yule wa 900 kuna miaka elfu tatu ambayo katika kundi hilo dogo haina mtu. Na chembe za urithi hazitamki lugha. Mtu wa miaka 900 anaweza kufanana na wanaosema lugha za Kiniloti leo, na bado asiwe Mteso. Simulizi za wazee wetu zinaweka kufika kwa Wateso pande hizi karibu na sasa kuliko hapo. Binamu yangu alimchukua marehemu wa watu wengine akamwingiza kwenye ukoo, kwa sababu makala ilimwachia mlango wazi.

Makala ya pili, ya mwaka 2024, iko katika jarida la Royal Society la Uingereza. Iliongozwa na Steven Goldstein na Natalie Mueller, na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya alikuwa kati ya waandishi. Hii naipenda, na sioni haya kusema hivyo. Badala ya mifupa, inafuata mbegu zilizoungua. Udongo wa shimo unatiwa majini, mkaa mwepesi unaelea, na mbegu zinaelea nao. Ndivyo walivyopata kunde ya miaka 2,300. Mtama wa miaka 1,000 au zaidi. Wimbi, mamia ya punje. Na punje moja nzima ya jamii ya minji ambayo watafiti hawakuitarajia kabisa. Kunde zinahusishwa na wakulima waliotoka magharibi, mtama ulitoka kaskazini mashariki. Wimbi ni la huku kwetu Afrika Mashariki.

Hii ndiyo hadithi ambayo ingesomwa usiku ule. Mtama ulipokuja, kunde hazikufukuzwa. Nenda soko la Malaba asubuhi utazikuta zimekaa jirani: mama Mluhya anauza majani ya likhubi, pembeni yake Mteso anapima wimbi la ajon, na mteja amevuka kutoka Uganda na shilingi za kule. Mbegu zinaongezeka kwenye chungu. Uandishi unaofuata mbegu unalazimika kusimulia kuongezeka, hata mwandishi asipokusudia.

Ina kasoro yake lakini. Pango si boma. Tunaambiwa watu walipika nini pale, ila nyumba zao na mashamba yao hatuyaoni, wala njia walizopita kuteka maji. Ukisoma haraka utadhani watu wa Busia waliishi chini ya mwamba miaka elfu tisa. Na aliyesaga lile wimbi hayumo. Punje zina majina ya Kilatini, mkono uliozimwaga motoni hauna hata kivuli.

Nilimwambia binamu yangu mambo haya kwenye simu, nikamtajia na ule ukuta: kwamba waliochora ng'ombe hawakukwangua kwanza miduara ya waliotangulia. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kuchora juu ya picha ya mwenzako, si ndiyo kumfuta?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Mpaka wa shamba haujaamuliwa. Mzee wa kijiji amesema wasubiri mvua iishe. Juzi nilipita kumwona mke wa mamai, nikamweleza habari za mbegu, maana usiku ule alikuwa jikoni hakusikia. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga. Kisha akauliza hiyo kunde ya pangoni ilikuwa nyekundu au nyeupe, kwa sababu nyekundu inastahimili jua zaidi. Nikamwambia iliungua, ni nyeusi tii, rangi haijulikani. "Basi hawakuuliza mtu wa kupanda," akasema, akanipa sinia nimsaidie.